Grafaiti ya Shemeji

Sikuwa na cheti cha ufundi, wala chombo cha kupimia joto, wala karakana yenye paa. Subira nayo sikuwa nayo, na Mungu akanipa shemeji kama Vitus.

Mzee Ahmadi wa Iringa alirithi gari la babu yake, la zamani kuliko sisi sote. Chuma cha ekzosi kinachoshikana na injini kilikuwa na ufa, na kingine hakipatikani. Bolti zake zikigandia tena, kukifungua ni kukivunja. Akaniomba nimtafutie kilainishi cha kuaminika cha kupaka bolti hizo zisigande.

Nilijaribia nyumbani, Mbalizi. Bolti moja niliipaka oili chafu, nyingine grisi, ya tatu unga wa grafaiti, ule mweusi wa ndani ya penseli, uliokorogwa kwa mafuta. Nikazichoma kwenye mkaa hadi zikawa nyekundu, zikapoa. Mbili ziligoma. Ya grafaiti ilifunguka kwa vidole. Miaka yangu ya shule ya jioni haikupotea!

"Haya, Profesa," alisema Vitus, "lete kopo la grafaiti nikafunge bolti za mzee."

Akaenda Iringa, akafunga, akarudi akijisifu. Nikarudia jaribio kwa kilichobaki koponi, nipate tu kufurahi. Bolti ikakatika. Nikarudia. Ikakatika.

"Vitus, humu umetia nini?"

"Ilimwagika kwenye basi, pale Igawa. Nikajazia unga wa betri za redio."

"Wa betri!"

"Si mweusi, shemeji? Shuleni tulipakia ubao."

"Ubao wenu ulikuwa unawaka moto?"

"Shusha presha. Gari litawashwa Jumamosi, kwenye harusi ya Mwanaidi."

Mwanaidi ni mjukuu wa mzee. Kabla ya injini kupata moto, bolti zingefunguka. Baada ya hapo, basi tena. Naye Mzee Ahmadi hasikii simu, na ujumbe wa simu huuita uvumi. Huamini barua tu.

Nikaketi kuandika: asiwashe gari, tunakuja kufungua. Vitus alisimama nyuma yangu, akisoma kila neno.

"Andika ni mimi," akasema.

Nilikuwa nimeshaandika jina lake, kwa herufi kubwa. Nikalitazama. Nikaichana karatasi, nikachukua nyingine, nikaandika onyo lile lile, ila nikaanza na "Tumekosea," kwa hasira hadi kalamu ikatoboa.

Nikafunga bahasha kwa gundi, nikampa kondakta wa basi la Iringa.

"Mkononi mwa Mzee Ahmadi mwenyewe," nikamwambia.