Upande Anaotazama Yesu

Jumamosi saa nne asubuhi, mchoraji wa mabango alishuka ngazi, akasuuza brashi zake na kurudi nyuma hatua chache aikague kazi yake. Unyevu ulikuwa umeula uso wa Yesu ukutani, nyuma ya altare, na kamati ya kanisa ilimpa siku tatu aurudishe. Alimchora akitazama benchi la kwanza, kama mwenyekiti alivyoagiza. Rangi haijakauka, Yesu akageuza shingo akatazama mlangoni.

Mlangoni, juu ya ndoo iliyopinduliwa, alikuwa amekaa mfagiaji wa kanisa, shangazi yake mchoraji. Ndipo alipokaa kila Jumapili kwa miaka kumi na miwili, maana kila benchi aliloliendea aliambiwa limejaa.

"Shangazi, anakutazama wewe."

"Nimemwona. Angenipa muda basi nibadili gauni, hili lina kiraka."

Habari zikaenea kama moto wa nyikani. Kesho yake watu walifika hata kengele haijalia, wakikanyagana visigino. Fundi cherehani aliapa kwamba macho yale ni ya marehemu baba yake, siku ile alipomsamehe. Mkunga alicheka mpaka machozi yakamtoka, wala hakujua anachekea nini. Mwenyekiti aliamuru benchi la kwanza lihamishiwe mlangoni, akaketi hapo yeye na jamaa zake. Mfagiaji aliombwa kwa upole asogeze ndoo yake nje kidogo.

Alisogea mpaka usawa wa dirisha. Yesu akatazama dirishani. Mabenchi yakasukumwa huko kwa vigelegele, kwaya ikiimba huku inatembea, na mfagiaji akaombwa asogee tena. Alipoombwa mara ya tatu, mchoraji, ambaye tangu asubuhi alikuwa hatulii kwa furaha, alipanda ngazi yake akawaambia kwamba Yesu hatazami mahali, anatazama mtu. Mwenyekiti alimjibu, uso umemng'aa, kwamba ndiyo sababu kila mtu anapagombea.

Mfagiaji akachukua ndoo yake akashika njia ya nyumbani. Mchoraji alimfuata, akamkuta anatabasamu peke yake.

"Miaka yote hii nikimpangusa vumbi," shangazi alisema, "nilikuwa namwambia asijali, mimi sijambo. Kumbe hakuniamini, mwanangu."

Kanisani, Yesu aliendelea kugeuka taratibu kadiri mama yule alivyokwenda, mpaka akabaki anatazama ukuta mtupu wa kando. Kamati ilikutana palepale, wote wakisema kwa pamoja, na kabla ya adhuhuri ikakubaliana kutoboa dirisha upande huo, asije akachoka kutazama matofali. Jumatano waashi wakalikamilisha. Lilikuwa dirisha zuri, pana, na watu walipiga makofi jua lilipoingia likamwangaza Yesu usoni.

Kisha mwenyekiti akatuma mtu nyumbani kwa mfagiaji, aje upesi na ndoo, azoe vifusi.