Gurudumu la Nyuma la Kulia

Septemba, siku chache kabla ya kondoo kushushwa kutoka milimani, fundi Brynjar alifungua gurudumu la nyuma la kulia la jipu la Ketill, akatoa pedi za breki, akazinusa. Zilikuwa zimelika hadi kwenye chuma. Za kushoto zilikuwa nene kama siku zilipotoka dukani. Za kulia zilinuka mayai viza.

"Hii ni harufu ya maji ya chemchemi yako," alisema.

"Mimi nauliza breki, wewe unaniletea maji. Nimefeli ukaguzi, bwana! Eti upande mmoja unashika, mwingine umelala."

Jipu lile lilikuwa kubwa, matairi yake yakimfikia mtu kifuani, na Ketill alilihitaji kuliko alivyotaka kukiri. Mwaka huo pia alikuwa amechaguliwa mfalme wa milima, yaani kiongozi wa bonde zima katika kukusanya kondoo. Mfalme asiye na gari hubebwa na jirani, kiti cha nyuma, pamoja na mbwa.

"Unapita wapi kwenda mjini?" Brynjar aliuliza.

"Barabara ya chini. Kurudi napanda mlimani."

"Mlimani si unazunguka?"

"Napenda mandhari."

Bonde zima lilijua mandhari hiyo. Barabara ya chini inapita langoni kwa Steinunn, dada yake Ketill, na mtu akielekea mjini lango liko kulia. Chemchemi ya maji moto iko shambani kwa Ketill. Marehemu baba yao na Steinunn ndio waliochimba mtaro wa bomba la kupeleka maji hayo ya kupasha nyumba joto hadi kwa Steinunn, wakati Ketill anaumwa mgongo. Kisha baba akafa, na kwenye kahawa ya baada ya mazishi Steinunn akasema mbele za watu kwamba kondoo dume wa Ketill ana makengeza. Ni kweli ana makengeza. Kesho yake Ketill akafunga bomba, akasema ni matengenezo.

"Sasa pale langoni jipu linafanyaje?" Brynjar aliuliza.

"Linasimama. Gurudumu hilo tu. Linang'ang'ania mpaka linachemka, likiridhika linaachia."

Brynjar alitikisa kichwa kukubali. Gari la mchungaji wa kanisa nalo hukataa kurudi nyuma siku za Jumapili, na hakuna spea ya kutibu hilo.

"Fungua bomba, Ketill."

"Liko kwenye matengenezo."

"Mpaka lini? Dada yako analala na koti!"

"Matengenezo hayataki haraka." Ketill alilizunguka jipu polepole, mikono nyuma. "Hebu niambie. Nikirudi kwa njia ile ile, lango si litakuwa kushoto?"

"Litakuwa kushoto."

"Na gurudumu la kushoto litashika?"

Brynjar aliokota spana. Kama jirani, alitamani kumpiga nayo. Kama fundi, hakuwa na la kupinga.

"Litashika," alisema. "Pedi zitalika sawasawa."

Akafunga pedi mpya pande zote mbili. Tangu siku hiyo Ketill akaenda na kurudi kwa barabara ya chini. Asubuhi jipu lilisimama langoni kwa gurudumu la kulia, jioni kwa la kushoto, na Ketill akakaa ndani akitazama mbele kama mtu anayesubiri daraja kutengenezwa. Jipu likapita ukaguzi. Mkaguzi alisema ni nadra kuona breki zilizolingana namna ile, na Ketill akampa mkono kwa fahari.

Siku ya kushuka na kondoo, mfalme alitangulia na jipu lake, kondoo na bonde zima nyuma yake. Langoni gurudumu la kushoto likashika. Msafara wote ukasimama. Hakuna aliyepiga honi. Steinunn akatoka na koti lake na sahani ya maandazi ya kusokota, akawagawia watu wa nyuma, kisha akatandaza soksi zilizofuliwa juu ya gurudumu lililokuwa likifuka moshi.

"Leo umechelewa," alimwambia kaka yake kupitia dirishani.

"Nina kondoo, Steinunn. Toa hizo nguo."

"Kwani breki nimeshika mimi? Tulia, hii moja bado mbichi."

Ketill akatulia. Kondoo dume mwenye makengeza akamtazama Steinunn, au labda alimtazama Brynjar. Soksi zilipokauka, gurudumu likaachia, na mfalme akaondoka na kondoo wake.

Steinunn akaingia ndani, akafungua bomba la maji ya moto, kama anavyofanya kila siku. Likatoa hewa. Akalifunga, akavaa soksi upesi kabla hazijapoa.