Jina Alilolificha Bi Thuwaiba

Fomu ilinirudishia jibu lile lile kwa mara ya tatu: jina la mtoto halilingani na la hospitali.

Saa sita mchana. Saa nane kliniki ya miguu inafunga orodha yake, na bila cheti cha kuzaliwa mwanangu haingizwi. Mguu wake wa kushoto umepinda kwa ndani. Daktari kasema ukiwahiwa utanyooka, lakini orodha nyengine ni mwakani. Nami nimo kwenye siku ya thelathini ya arubaini yangu, sitoki mlangoni. Mume wangu Hamid yuko kazini Chwaka. Nimebaki na simu na tovuti ya serikali.

"Nlikwambia," akasema Bi Thuwaiba, mama mkwe wangu, akiingia na bakuli la uji wa pilipili manga. "Ofisini kuna mtu. Humo muna nani? Ukikosea utambembeleza nani?"

Mwaka juzi niliomba cheti changu cha masomo ya jioni kwenye tovuti kama hii, na mpaka leo sijui ombi lilitumbukia wapi.

Nikaandika tena, herufi baada ya herufi: Ilham. Ikakataa. Mtoto akalia, nikampa ziwa huku kidole kinabonyeza.

"Mama, wauguzi uliwapa jina gani siku ile nilipojifungua?"

Akaukoroga uji uliokwisha kukorogwa. "Mcha."

"Mcha?"

"Yule mwanao wa mwanzo tulimtaja mbele ya wodi nzima. Wiki hakuimaliza. Huyu nkasema ntamficha na macho ya watu, mpaka arubaini ipite."

Hasira zangu zikaniishia pale pale. Nikamwonesha mahali pa maelezo: aliyetoa jina ndiye anayetakiwa aeleze.

"Dunia nzima isome? Sithubutu!"

Saa saba. Nikashuka chini ya ukurasa, nikapanda, nikashuka tena, ndipo nikayaona maandishi madogo: Aliyefungua taarifa hizi ni Zeyana Haroub, msajili. Mtu mmoja tu. Nikamsomea.

"Haroub yupi?"

"Haikuandikwa, mama."

"Si umuulize!"

Kulikuwa na sehemu ya ujumbe. Kwa haya nikaandika: Samahani, mama mkwe wangu anauliza wewe ni mtoto wa Haroub yupi, na jina la mtoto linaonwa na nani.

Dakika kumi nikizunguka chumbani na mtoto begani. Kisha jibu likaja: "Shikamoo bibi. Haroub wa Mkokotoni, mama yangu Bi Kazija mshona kofia. Jina la mtoto naliona mimi na wenzangu wawili wa usajili, basi."

"Marahaba," Bi Thuwaiba akaiitikia simu. "Kazija! Kofia ya harusi ya Hamid katia mkono yeye. Haya, andika."

Akasema yote, hata ya yule wa mwanzo, nami nikaandika huku herufi zinanipotea machoni. Nikatuma.

Hapo sasa ikawa zamu yake kutotulia.

"Kashafungua?"

"Bado."

"Tazama tena. Labda anaswali."

Saa nane kasorobo simu ikatetemeka. Cheti: Ilham Hamid Shaame. Nikakituma kliniki, na baada ya dakika tano wakajibu kuwa yumo.

Bi Thuwaiba akalitazama lile jina kwenye kioo, midomo ikimchezacheza. Akavuta ncha ya kanga yake, akaifunika simu.

"Washaona wanaohusika," akasema. "Inatosha. Kunywa uji."