Meli Isiyoweza Kutia Nanga

Uchungu wa Teretia ulikuwa umeingia siku ya pili. Mkunga alipoona mguu wa mtoto badala ya kichwa, alinawa mikono akasema, "Huyu ni wa hospitali." Hospitali iko Tarawa, kisiwa kikuu, na Tarawa hufikiwa kwa meli. Kwa bahati meli ilikuwapo asubuhi hiyo, ikizungukazunguka nje ya mwamba. Kisiwa chetu hakina pa kutia nanga. Ukingo wa matumbawe ukiisha, chini ni shimo tu.

Mumewe alikuwa baharia ng'ambo. Kaka yake Teretia, Kaitira, ndiye aliyevusha watu na mizigo kwa boti kupitia mlango wa mwamba, ufa usiopitisha boti mbili. Tulimlaza Teretia mkekani, mama yao akampakata kichwa, mimi jirani nikakaa mbele na kopo la kufua maji. Mlangoni mawimbi yalipasuka meupe, ukingo hadi ukingo. Kaitira akapunguza mashine.

"Kaka, unangoja nini? Mtoto atoke akushikie usukani?" Teretia alisema, meno ameyauma.

"Nyamaza, mkorofi wewe. Nahesabu mawimbi."

"Tangu lini ukajua kuhesabu?"

Mama yao alicheka. Sijamsikia akicheka tena.

Palipotulia kidogo, Kaitira akafungua mashine yote. Tulikuwa katikati ya mlango wimbi lilipoinuka mbele yetu, refu kuliko nyumba. Boti ikapanda, ikaanguka ubavu, propela ikagonga jiwe. Mashine ikazima. Wimbi lililofuata likatutupa juu ya mwamba. Tuliruka tukaizuia boti kwa vifua, matumbawe yakituchana miguu.

Kaitira akashika redio. "Nahodha, shusha boti yako! Dada yangu anakufa!"

"Ndugu yangu, naona kila kitu. Nikishusha watu wangu hapo nawaua. Na mkondo unanisukuma kwenu."

"Basi ningoje. Natengeneza."

"Nakungoja."

Na kweli alingoja. Kaitira alitoa pini ya propela iliyokatika, akapachika msumari mahali pake, mikono ikimtoka damu. Mashine ikawaka. Tukaisukuma boti majini, tukaingia tena mlangoni, wimbi likaturudisha. Tukajaribu tena, likaturudisha, na sasa boti ilikuwa imepasuka, maji yakinishinda kufua.

"Kaitira." Teretia hakuwa akitania tena. "Nirudishe nyumbani. Nisifie majini."

Kaitira aligeuza boti. Nyuma yetu meli, iliyokwisha kusukumwa karibu mno na mwamba, ilipiga honi ikaenda zake.

Teretia alikata roho alasiri, mtoto akiwa bado tumboni. Mama yake hakulia. Alimchana nywele, akazifunga, akazifungua, akazichana tena, mpaka tukamwondoa.

Meli iliporudi, bahari ilikuwa shwari kama maji ya beseni. Nilidhani Kaitira hatatoka. Lakini watu walihitaji unga, na hakuna mwingine wa kuvusha. Nahodha alimwita kwa jina kutoka juu, akamwita tena. Kaitira hakuinua uso. Alipokea gunia, akalipanga, akanyoosha mikono kupokea lingine.