Karanga Zilizomfuata Delu

Asubuhi ile Delu alikuwa ameinama kwenye shamba lake nje ya mji wa Maradi, akipulizia karanga dawa. Shamba lenyewe lilikuwa kipande cha kokoto alichogawiwa na mumewe, Lawali, kama waume wa kwao wanavyowagawia wake zao: pale ambapo wao hawataki kulima. Mavuno yake ndiyo yangenunua mabakuli ya harusi ya binti yake, Rahila. Bibi harusi akienda kwa mume bila mabakuli, anayesemwa ni mama yake.

Mvua ilikuwa imegoma tangu maua ya kwanza. Dawa aliileta bwana shamba Kimba, kijana mpole mwenye pikipiki mbovu.

"Mama, hii haileti maji," alimwambia. "Inaufundisha mmea kuvumilia kiu tu."

"Kuvumilia? Hilo nalijua, mwanangu. Niliolewa nalo."

Basi alipokuwa akipulizia, Delu aliziambia karanga yale aliyoambiwa na shangazi zake siku ya harusi yake: usijibu, usilie mbele za watu, jua likizidi jitafutie kivuli. Kosa lilikuwa hapo, kama ni kosa. Kimba hakusema dawa ichanganywe na nasaha.

Saa sita mchana karanga ziliinua mizizi, kama mtu anavyoinua kanzu kuvuka tope, zikaenda kukaa kwenye kivuli cha ghala la mtama la Lawali. Alasiri zilirudi kwenye mashimo yake. Majirani waliokutana nazo njiani walizipisha. Kimba alipoelezwa, aliuliza kama zilikuwa zinarudi zote, akaambiwa ndiyo.

Lawali alikuwa ameikataa dawa hiyo, eti ni mambo ya wanawake. Karanga zake zilikauka zikiwa zimesimama kwenye ardhi nzuri. Jioni moja akamjia mkewe, mswaki mdomoni.

"Mama Rahila, tubadilishane mashamba. Kumbe nilikupa ardhi nzuri bila kujua."

"Ardhi, Baba Rahila? Si unaziona zinatembea?"

"Naziona. Karanga haziwezi kutembea hivyo kwenye ardhi mbaya."

Ardhi ilikuwa yake na hakuna aliyebisha. Delu aliingia ndani, akageukia ukuta, akayalilia mabakuli.

Kesho yake alikwenda kwenye lile shamba lililokauka ili aokoe chochote. Alizikuta karanga zake zimekwisha kukaa kwenye mistari, zimekunja majani, zinamngoja. Akaketi katikati yao, mwili wote ukalegea kwa raha. Hakuwahi kupata nafuu kama ile tangu siku alipomzaa Rahila salama.

Rahila aliolewa na mabakuli yaliyopangwa mpaka darini. Wanawake waliyahesabu, wakachoka, wakala.

Baada ya harusi Lawali alikwenda kusimama kwenye shamba la mkewe, akaokota udongo, akaunusa.

"Kumbe na hili lilikuwa zuri," alisema. "Mwakani tubadilishane tena."

"Sawa, Baba Rahila," alisema Delu.

Akaingia ndani, akafunua chungu cha mbegu, akazielekeza njia.