Kichwa cha Baba wa Nyumba

Wewe umewahi kuuona ubongo wa sato? Mimi nimepara samaki tangu ningali binti, vichwa nikavitia mchuzini, nisijue kwamba ndani ya mfupa ule mwembamba mna kitu cheupe, laini, kidogo kama punje ya haragwe. Nilikuja kuonyeshwa na mjukuu wangu Winnie, anayesoma mambo ya wanyama chuoni, kule Nyegezi. Jumamosi ile alikuja kwetu Igogo na mkasi wake mwembamba, akaketi uani kwenye kigoda changu, akaanza kufungua vichwa kama mtu anayemenya karanga.

"Bibi, tazama. Hivi vivimbe viwili ni vya macho. Ni vikubwa kwa sababu sato anaishi kwa kuona. Sasa huyu kambale wa matopeni, vijicho vyake ni vya kuonea huruma." Akacheka. "Mzigo wake uko huku nyuma, panapopokea ladha kutoka kwenye sharubu. Anaonja tope, anajua chakula kiko wapi."

"Na kuku?"

"Kuku naye ni wa macho. Kila mnyama, Bibi, ubongo wake umenenepa pale maisha yake yanapoegemea."

Nilimsikiliza kwa sikio moja. La pili lilikuwa mlangoni, likimfuatilia mume wangu, Masele.

Masele alikuwa fundi wa mitumbwi, mtu wa maneno machache. Ubao aliupima, akaufuta vumbi, akaupima tena ndipo ashike msumeno. Masika iliyopita aliteleza akiwa juu ya mtumbwi, akaangukia paji la uso. Kidonda kilipona, ila utulivu haukurudi. Anaingia, anatoka, anashuka mwaloni kwa wavuvi, anachota dagaa walioanikwa na watu na kuwatafuna mbele ya macho yao. Alimwambia mke wa mchungaji kwamba akiimba anatia watu homa. Na mimi nyuma yake, kanga inaburuta, naomba radhi nyumba kwa nyumba. Sikumbuki ni lini nilikunywa chai ikiwa bado ya moto.

Mchana ule mwanetu Pius alikuwa anakuja na gari amchukue baba yake, akakae kwake Buswelu, kwenye ukuta mrefu na geti la kufuli. Jamaa wote walikuwa wameshanipa pole ya upweke. Hakuna aliyeniuliza mimi nataka nini, na mimi sikusema. Neno lilizunguka kifuani kama nzi aliyeingia kwenye chupa.

"Winnie," nikasema, "na babu yako je? Ni sehemu gani?"

Akagusa paji lake kwa kiganja chenye magamba. "Hapa mbele. Sisi binadamu tumejaliwa pakubwa kuliko hawa wote. Ndipo panaposema: ngoja kwanza. Pa babu paliumia. Akiwaza neno, tayari limeshatoka. Hafanyi makusudi, Bibi."

Pius alifika, tukatenga ugali. Kwetu kichwa cha sato ni cha baba wa nyumba. Tangu niolewe hakuna mwingine aliyekivunja. Lakini vichwa nilimpa Winnie asubuhi bila kufikiri, nikikimbilia mwaloni kumfuata Masele, na sasa vilikuwa uani, vimepasuliwa. Nikamwekea mzee mnofu wa katikati, ulionona, nikaomba moyoni asitambue.

Masele aliitazama sahani. Akauinua mnofu kwa kidole, akachungulia chini yake. Kisha akaisukuma sahani, mchuzi ukaruka kwenye shati la Pius.

"Nani amekula kichwa changu?"

"Baba, ni samaki tu. Kula."

"Nimekuuliza wewe? Au kichwa kimetangulia Buswelu?"

Akasimama, akaenda mlangoni. Pius alijipangusa shati huku akinitazama. "Unaona, Mama? Ugonjwa ndio huo."

Winnie alikuwa amesimama, mikono inadondoka maji. "Hapana, Mjomba. Kichwa nimekichukua mimi, na Babu ameona hakipo. Hata angekuwa mzima angekasirika."

"Angekuwa mzima angenyamaza."

"Angenyamaza," nikakubali, "na angekasirika vilevile."

Maana nilimjua. Miaka yote ile ya ukimya niliuona mshipa wa shingo ukimtutumka, akameza, akarudi kwenye mbao zake. Aliyesimama pale mlangoni alikuwa mtu yuleyule. Kilichoondoka ni kile cha kumzuia. Changu kilikuwa kizima, na kilikuwa kimeniambia ngoja tangu masika.

"Mke wangu," Masele akasema, mkono kwenye kizingiti, "mwambie kijana wako siendi."

Pius alishusha pumzi. Hakuwa mtoto mbaya. Alikuwa ameacha kazi zake kwa ajili yetu. "Haya, Mama. Sema wewe. Abaki au aende?"

"Abaki."

"Utamweza peke yako?"

"Abaki hapa kwake, na wewe ubaki naye. Ujue mwaloni anapita wapi, na nani wa kumwomba radhi. Winnie, unajua kuendesha gari la mjomba wako?"

"Najua, Bibi."

"Pius, mpigie mkeo Justa. Mwambie kile kitanda alichomtandikia baba yako asikitandue. Ninayekuja ni mimi. Nimechoka, mwanangu. Nataka kulala."