Maji ya Ubavuni

Fundi aliinua kikombe cha kupimia hadi usawa wa macho, akakikodolea kama alivyokodolea mita za maji za watu kwa miaka thelathini ya ufundi bomba.

"Ngapi?" binti yake aliuliza.

"Sitini."

"Andika ishirini na tano."

Binti alikuwa amekaa kwenye kiti cha kuegemea, maana kitandani hakulaliki. Siku ya kumi na tano hiyo. Madaktari walimwondoa ziwa la kushoto lenye saratani, wakakata nyama ya tumbo wakamtengenezea jingine. Kwa hiyo hakuweza kunyooka; alitembea ameinama kama anayetafuta sindano sakafuni. Mkono wa kushoto haukupanda juu ya bega. Na ubavuni, chini ya kwapa, ulitoka mpira mwembamba ulioishia kwenye kichupa laini kilichobanwa na pini kwenye gauni. Kichupa hicho ndicho kilichonyonya maji ya kidonda. Hospitali walisema hivi: maji ya siku nzima yakiwa chini ya mililita thelathini kwa siku mbili mfululizo, mpira unatolewa. Yakizidi, unabaki.

Yalikuwa yanazidi.

Chumba kilikuwa cha baba yake, chenye dirisha moja tu, nalo lilitazamana na ukuta wa jirani. Tangu utotoni binti huyu aliitwa Chiriku kwa wingi wa maneno. "Hili tumbo limenitia aibu miaka kumi," aliwaambia wageni wiki ya kwanza, "leo limepandishwa cheo!" Wageni wakacheka mpaka wakashika mbavu. Wiki ya pili hawakuja.

Sasa cheo chake cha kazini ndicho kilichokuwa hatarini. Alikuwa msimamizi wa safu nzima ya cherehani kwenye kiwanda cha sare, na meneja alikuwa ameshapiga simu: Jumatatu awepo, la sivyo nafasi anapewa mwingine.

"Meneja ana matiti mangapi?" Fundi alifoka. "Wakubwa wote ndio hao hao. Mtu amekalia kiti kinachozunguka, anakupangia siku ya kupona!"

"Baba, leo Alhamisi. Kesho Sista wa hospitali anapiga simu kuulizia namba. Zikiwa ndogo mbili tu, Jumamosi mpira unatoka, Jumatatu niko kazini."

"Maji yakikosa pa kutokea yanakwenda wapi, mwanangu? Yanaingia ukutani. Rangi inavimba, plasta inadondoka. Nimevunja kuta za watu mimi..."

"Mimi si ukuta."

"Sista alisema yakituama humo ndani yatafanya usaha. Kukiwa na usaha, watakuja kuliondoa hata hilo walilolitengeneza."

"Liondoke!" Akashika mshono wa tumbo kwa kiganja. "Siwezi kufunga sidiria. Siwezi kufungua dirisha. Baba yangu mzazi ananikamua mpira huu kama ng'ombe, macho ameyatupa darini asinione. Niandikie, Baba. Nakuomba kama ambavyo ningemwomba mama."

Hapo alimpata. Mama yake alikuwa na miaka sita kaburini, kwa ugonjwa ule ule. Fundi akachukua kalamu, akaandika 25.

Ijumaa asubuhi maji yalikuwa sitini na tano. Akaandika 28.

Adhuhuri Sista akapiga. Huyu alikuwa muuguzi wa wodi ya upasuaji, sauti yake ya haraka haraka lakini haina makali. Fundi akamsomea.

"Hongereni, mzee wangu! Mlete kesho saa tatu."

Chiriku akaanza kuongea. Aliongea kuhusu nguo atakayovaa, kuhusu mshonaji mmoja wa safu yake anayeshona mikono ya shati kinyume akikosa chai, kuhusu hewa ya nje. Fundi akatoka barazani, akakalia ndoo yake ya vifaa.

Mkewe alikwenda hospitali na uvimbe wake mara tatu. Mara zote tatu daktari mkubwa aliandika bila hata kumgusa: uvimbe wa kawaida. Fundi, aliyeishia darasa la nne, alizibeba karatasi zile nyumbani kwa furaha, akawaonyesha na majirani. Tangu msiba ule hakuna mkubwa aliyesalimika na mdomo wake. Yule daktari aliandika kwa sababu foleni ilikuwa ndefu naye alitaka mtu atoke mlangoni. Haya, na huyu aliyeandika 25? Alitaka machozi yaishe. Fundi alijitafutia mkubwa wa kumtupia lawama hii, akatafuta hadi barabarani kwa macho, asimwone.

Akarudi ndani. Akapiga simu mbele ya binti yake, asije akasema amezungukwa.

"Sista, zile namba ni za uongo. Jana sitini, leo sitini na tano. Nimeziandika mimi, kwa mkono wangu."

"Asante kwa kuniambia, mzee wangu. Basi mpira ubaki. Tutaongea Jumatano."

Chiriku hakulia. Alimpigia meneja, akamweleza kwa ile sauti yake ya kazini, akasikiliza, akasema, "Nimeelewa, bosi," akaiweka simu mapajani.

"Amempa mwingine?" Fundi aliuliza.

"Amempa. Umenifungia humu, Baba. Hao wakubwa unaowatukana kutwa, kumbe wamekuachia ufunguo."

Jumamosi asubuhi hakutaka aguswe. Alijaribu mwenyewe. Lakini kukamua mpira ni kazi ya mikono miwili: mmoja uushike karibu na ngozi usichomoke, mwingine uyasukume maji kushuka kwenye kichupa. Wa kushoto uliishiwa nguvu, ukaanguka. Akajaribu tena. Mara ya nne akaachia, akageuza uso dirishani, akasogeza kiwiko pembeni kadiri kilivyokubali.

Fundi akapiga magoti.

"Na mama," Chiriku alisema bila kugeuka, "zile karatasi zake tatu. Wewe ulimpigia nani simu?"

Fundi alibana mpira karibu na mshono kwa vidole viwili, na kwa vingine viwili akaanza kuyashusha maji, polepole, asimuumize.